Tope la Sebule ya Wageni

Bi Sabahat alikuwa na sebule nzuri kuliko zote katika jengo lao, na ilibaki nzuri kwa sababu hakuna mtu aliyeruhusiwa kuikalia. Ndani mlikuwa na makochi meupe yenye miguu ya rangi ya dhahabu, kabati la vioo lililojaa bilauri za chai, na vitambaa vya kufuma vilivyotandazwa kila mahali panapotandazika, hata juu ya televisheni ambayo haikuwahi kuwashwa. Mlango ulifungwa kwa ufunguo, na ufunguo ulikaa kwenye mfuko wa aproni yake. Familia yenyewe, yaani yeye, mumewe Bedri na binti yao Nesrin, iliishi jikoni na katika kijichumba cha pembeni, magoti yakigusana. Sebule ilikuwa ya wageni. Na wageni wakija walikaribishwa jikoni, maana si kila mgeni ni mgeni wa sebule.

"Mgeni wa sebule bado hajazaliwa," Bedri alizoea kusema. Mkewe alikuwa akimjibu kwamba amezaliwa, ila hajapanda ngazi zao.

Sasa, mtu mwenye akili hapashi moto chumba kisichokaliwa. Rejeta za sebuleni, zile za chuma zinazoning'inia ukutani na kupitisha maji ya moto, zilifungwa koki tangu mwezi waliohamia. Hata zile nyingine hazikuwa na raha sana. Boila ya gesi iliyokuwa jikoni aliiweka kwenye alama ya chini kabisa, ile ya kuzuia mabomba yasigande, na ikakaa hapo msimu mzima. Na baridi ya Kayseri, ikishuka kutoka mlima Erciyes, haimuulizi mtu hali. Lakini nyumba ya Bi Sabahat ilikuwa ghorofa ya katikati. Juu yao alikaa mzee mstaafu mwenye maumivu ya viungo. Chini yao alikaa Rukiye, aliyekuwa akilea mjukuu mchanga na kuwasha moto kama mwoka mikate. Joto la Rukiye lilipanda kupitia sakafu, la mzee likashuka kupitia dari, na Bi Sabahat akayapokea yote mawili bila kumwambia mtu asante.

Akiulizwa na majirani, jibu lake lilikuwa moja: "Mashallah, kuta zetu zimejengwa na watu waliomwogopa Mungu."

Nesrin, aliyefanya kazi kwenye duka la dawa, alivaa sweta mbili ndani ya nyumba, na usiku alilala na soksi za sufi za baba yake. Hakulalamika. Alikuwa akingoja kuolewa.

Na siku hiyo ikakaribia. Kijana Serhan, mtoto wa wauza makochi wa mjini, alikuwa akija dukani kununua dawa ya mafua hata wakati hana mafua. Mambo yakaiva, wazee wakaambiwa, na mama yake Serhan, Bi Mualla, akatuma salamu kwamba Jumamosi jioni watakuja kunywa kahawa. Kila mtu anajua maana ya kahawa hiyo. Upande wa mume huja na maua na sinia la chokoleti, binti huwaandalia kahawa, mzee wao hutamka maneno ya posa, na baba wa binti hutoa jibu.

Tatizo lilikuwa Bi Mualla mwenyewe. Mwanamke huyo alikuwa ameshatoka kwenye nyumba mbili bila mume wake kutamka posa. Nyumba ya kwanza ilisemekana bilauri ya chai ilikuwa na ufa. Ya pili hakuna aliyejua sababu, na hiyo ndiyo iliyowatisha watu zaidi. Bi Sabahat alipopata salamu hizo alikaa chini, akasimama, akakaa tena.

"Hao ndio wageni wa sebule," alimwambia mumewe. "Wakitoka hapa bila kumposa mtoto, Bedri, mimi mji huu nahama."

"Utahamia wapi, ghorofa ya ngapi?" Bedri akauliza.

Alipofungua mlango wa sebule, baridi ilimpiga usoni kama mtu aliyekuwa akimngoja nyuma ya mlango. Bedri alichungulia akasema hapo pangefaa kuanikia nyama ya pastirma, ingekauka vizuri kuliko kwa mchinjaji. Bi Sabahat hakucheka. Alifungua koki, akapandisha boila, akangoja. Rejeta ya ukuta wa dirishani ilipata uvuguvugu upana wa kidole kwa juu, halafu ikaacha. Ile nyingine hata haikujaribu. Akaleta kifunguo kidogo, akafungua tundu la kutolea hewa pembeni. Ilitoka pumzi yenye harufu ya kisima kibovu, kisha tone moja jeusi likaangukia kitambaa cheupe alichokifuma akiwa mchumba.

Akampigia simu fundi Ziya.

Fundi Ziya alikuwa akizijua boila za mtaa mzima, na ndoa zake pia. Alifika siku ya pili na mashine yake ya magurudumu inayofanana na sanduku la safari, mipira ya maji, dumu la dawa na nyundo ya mpira. Bi Sabahat alimvulisha viatu mlangoni, akampa ndala, akatandika magazeti juu ya zulia, juu ya magazeti nailoni, juu ya nailoni mashuka ya zamani.

"Shangazi, naja kusafisha rejeta au kufanyiwa upasuaji?" Ziya akauliza.

"Wewe kanyaga hapo hapo nilipokwambia."

Ziya aliunganisha mashine kwenye mabomba ya boila, akafunga koki za vyumba vingine, akatia dawa, akawasha. Mpira wa kutolea maji, ule wa plastiki unaoonyesha ndani, aliupeleka bafuni. Kisha akaanza kuigonga rejeta ya sebuleni kwa nyundo yake, taratibu, toka juu hadi chini, kama mtu anayemchua mgonjwa mgongo. Maji yakaanza kutoka. Mwanzo yalikuwa rangi ya chai. Yakawa rangi ya kahawa. Halafu ikasikika sauti ya kitu kinachojikwaa ndani ya chuma, na ukaja uji mweusi kama lami, wenye vipande vya kutu mfano wa ukoko wa chini ya sufuria.

"Subhanallah!" Ziya alisema kwa furaha ya mtu aliyeokota pochi. "Shangazi, hii iliwashwa lini mara ya mwisho?"

"Kila siku inawashwa."

"Kila siku ya mwaka gani?"

"Fanya kazi yako, Ziya."

Lakini kazi ya Ziya ilikuwa na nusu ya pili. Mafundi wote wa rejeta siku hizi wana kurasa zao mtandaoni, na kinacholeta wateja ni rangi ya maji. Maji yakiwa meusi sana, simu hazikomi. Ziya akatoa simu yake, akaielekeza kwenye mpira, kisha akaizungusha taratibu kuonyesha rejeta, pazia na makochi meupe.

"Ndugu watazamaji, salamu kutoka Kayseri! Tazameni wenyewe. Mimi kazi hii nimeizeekea, sijaona. Haya si maji, hii ni lami ya manispaa!"

Bi Sabahat aliyekuwa mlangoni akasikia damu ikimpanda. Yeye, mwanamke anayefua hata vitambaa vya kufulia, uchafu huo utoke nyumbani kwake? Kabla hajafikiri, mdomo ukatangulia.

"Hayo maji si yangu! Hayo yatakuwa ya Rukiye wa chini!"

"Shangazi, yatapandaje?" Ziya akajibu, simu ikiwa bado inachukua. "Kila nyumba ina boila yake na maji yake. Haya ni yako, umekaa nayo tangu ulipohamia. Rejeta imefungwa miaka yote, uchafu wa nyumba nzima umekuja kulala humu. Hii haijaonja moto tangu itoke kiwandani. Kwani wewe unaota moto wapi?"

"Zima hiyo simu!"

"Sura yako haikuonekana, shangazi, usiwe na wasiwasi."

Sura haikuonekana, kweli. Lakini mtaani hapo makochi ya Bi Sabahat yalijulikana kuliko sura yake. Hakuna aliyewahi kuyakalia, ila kila mwanamke alishayachungulia kwenye tundu la ufunguo. Kufika alasiri ile video ilikuwa imeingia kwenye kundi la simu la wanawake wa upatu wa dhahabu, na aliyeiingiza ni Rukiye, ikiwa na neno moja tu chini yake: "Hongereni."

Halafu Rukiye mwenyewe akapanda ngazi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuitia watoto wa jirani mtaa wa pili, na mjukuu alikuwa begani akitafuna kona ya kilemba chake.

"Maji ya Rukiye, eti?"

"Jirani, nilikuwa natania tu..."

"Nyamaza. Mimi maji nimekusamehe. Nataka kujua habari ya kuta. Zile kuta zilizojengwa na watu waliomwogopa Mungu. Kila nikipokea bili ya gesi namwambia mwanangu, hivi sisi tunapasha moto jengo zima? Kumbe ndiyo! Kumbe nimemfuga mtu juu ya kichwa changu!"

"Rukiye, dada yangu, joto likipanda mimi nitalizuiaje? Nilifungie mlango?"

"Usilizuie. Nitalizuia mimi." Akamhamishia mjukuu bega la pili. "Jumamosi naenda kwa mwanangu wa Talas, na huyu nakwenda naye. Nazima boila, nazima kila kitu. Na mzee wa juu nimeshaongea naye, anakwenda kwa dada yake. Tuone hizo kuta, Sabahat. Wape salamu wakwe zako."

Jumamosi asubuhi Bi Sabahat aliamka akidhani ameacha dirisha wazi. Sakafu ilikuwa kama barafu, kuta zilikuwa kama barafu, na Nesrin alikuwa jikoni na koti la nje akikoroga chai kwa glavu. Ndipo mama huyo alipofahamu, kwa mara ya kwanza tangu ahamie hapo, nyumba yake ilikuwa na baridi kiasi gani. Alisimama mbele ya boila kama mtu anayeaga maiti. Kisha akashika kile kitufe cha kuzungusha, akafumba macho, akakipeleka hadi mwisho.

Kitu kimoja tu lazima kisemwe: Ziya alikuwa mropokaji lakini kazi yake aliimaliza. Rejeta zile, zikiwa hazina hata chembe ya tope, zilipopata maji ya moto zilijibu kwa hasira ya miaka yote. Adhuhuri sebule ilikuwa na joto la kupendeza. Alasiri Bedri alivua sweta, kisha fulana ya ndani. Magharibi vioo vya dirisha vilikuwa vinatoka jasho. Bi Sabahat alitaka kupunguza, akaogopa. Itakuwaje kama baridi itarudi wakati Bi Mualla ameshika kikombe?

"Mama, acha hivyo hivyo," Nesrin akasema. Alikuwa amekaa kwenye kochi jeupe kwa gauni la mikono mifupi, amenyoosha miguu mitupu, amefumba macho. Mama yake hakuwahi kumwona na sura ile. Akamruhusu kukaa dakika chache zaidi, kisha akamwinua na kuunyoosha mto.

Wageni walifika na theluji mabegani. Wakavua viatu, wakapewa ndala za wageni, wakamiminiwa marashi ya limau viganjani. Mbele alikuwa Bi Mualla na koti lake la manyoya, ambalo kabla ya kuvuka kizingiti alishasema amelinunua wakati wa punguzo. Nyuma yake mumewe, Mzee Hikmet, mtu mpole aliyeonekana ameoa miaka mingi. Mwisho Serhan, na maua yaliyomficha uso.

Wakaketi. Makochi, yaliyokuwa hayajawahi kubeba mgeni, yalilia kidogo. Mazungumzo yakaanza pale yanapoanzia siku zote, afya, barabara, theluji. Bi Mualla akavua koti. Baada ya kidogo akavua na sweta yake. Mzee Hikmet akalegeza tai, akatoa leso, akajifuta paji la uso, akaikamua leso. Serhan alikuwa mwekundu kama nyanya ndani ya suti yake, na chokoleti alizozileta kwenye sinia la fedha zilikuwa zimeanza kushikana kuwa kitu kimoja.

Bi Mualla aliinuka, akaenda mpaka kwenye rejeta kana kwamba anatazama pazia, akaiwekea kiganja. Akakiondoa haraka.

"Bi Sabahat," akasema polepole, "nyie hapa mko hivi kila siku?"

Bi Sabahat aliona mlango wa peponi umefunguka. Kumbe ile video haikumfikia! Au imemfikia na hakuitambua!

"Kila siku, dada yangu," akajibu huku akipeperusha mkono. "Sisi baridi tunaisikia kwa watu. Gesi kitu gani? Sebule hii tunawasha kuanzia vuli mpaka tulipu zinachanua. Hata tukiwa hatupo huwa nasema acheni tu iwake, huenda mgeni akapita."

Bedri alimtazama mkewe jinsi mtu anavyomtazama kichaa anayemfahamu.

Na sura ya Bi Mualla ikafunga. Ilifunga hivi hivi mbele ya watu, kama duka saa ya swala. Alirudi kochini lakini hakuegemea. Akavaa sweta. Akamgusa mumewe goti.

"Hikmet. Theluji inazidi. Tusije tukakwama njiani."

Mzee Hikmet, aliyekuwa ameshafungua kinywa kutamka posa, alikifunga. Hakuonekana kushangaa, ilikuwa nyumba yake ya tatu. Serhan alisema, "Mama, kahawa bado," lakini sauti haikutoka yote. Kule jikoni vikombe vilikuwa vikisikika, Nesrin akipanga sinia.

Bi Sabahat akanyoosha kidole kwenye kabati la vioo. "Dada Mualla, kuna kosa gani? Kama ni bilauri, zote ni nzima, tazama mwenyewe!"

"Bilauri hazina neno." Bi Mualla alikuwa anafunga vifungo vya koti. "Mimi ni mtu wa kusema ukweli. Kuna video imenijia, kwenye kundi la akina mama wa kwetu. Rejeta iliyofungwa tangu nyumba ihamiwe. Maji meusi tiii. Nikaambiwa hiyo ni sebule ya Bi Sabahat. Nikalia, dada yangu, kwa furaha nikalia! Nikamwambia Hikmet, tumempata. Kama si mwanamke mwenye akili, nani atakaa miaka yote hiyo asichome gesi bure? Binti wa mama kama huyo hatamfilisi mwanangu. Zile nyumba mbili za mwanzo, tuliingia tukakuta madirisha wazi na rejeta zinawaka! Wanapasha moto barabara! Sasa nakuja hapa, nakuta hamamu. Nimedanganywa. Hiyo video itakuwa ya mtu mwingine."

Rejeta iliguna.

Siku tatu nzima Bi Sabahat alikuwa amewaapia majirani, muuza mikate na imamu kwamba maji yale si yake. Sasa aliruka kutoka kochini.

"Ni yangu! Wallahi maji ni yangu! Makochi haya hapa, pazia lile pale, rejeta ndiyo hiyo uliyoishika! Mimi sijawahi kuwasha hiki chumba, Bedri, sema!"

"Hajawahi," Bedri akasema. "Nilitaka kuanika pastirma."

"Kila mtu atamtetea mkewe," Bi Mualla akasema, akifunga kifungo cha mwisho cha koti. "Mimi naamini kinachonichoma kiganja."

Hapo ndipo Bi Sabahat alipofanya jambo ambalo jana yake angekufa kuliko kulifanya. Alichukua simu, akampigia Rukiye, akaiweka sauti ya nje katikati ya meza, kando ya chokoleti zilizoyeyuka.

"Unataka nini?" sauti ya Rukiye ikajaa sebule.

"Rukiye, dada yangu, nina swali moja tu. Mimi huwa nawasha boila?"

"Nini?"

"Sema tu. Mimi huwa nawasha?"

"Wewe?" Rukiye akavuta pumzi, na waliokuwepo wote wakaivuta naye. "Wewe, mnyonya joto wa watu? Wewe hata kiberiti huwashi, unangoja jirani awashe uazime mwali! Miaka yote umelala juu ya mgongo wangu kama paka juu ya tanuri! Mtoto wako anavaa soksi za baba yake, unadhani hatuoni zikianikwa? Wewe ukienda kwa mtu unakaa karibu na rejeta mpaka unatolewa! Wewe chai unaichemsha mara moja unakunywa siku mbili! Sijaona mwanamke bahili kama wewe kutoka hapa mpaka Sivas, na Sivas kwenyewe nina shaka!"

Kwa kila tusi kifungo kimoja cha koti la manyoya kilifunguka. Rukiye alipofika kwenye chai ya siku mbili, Bi Mualla alikuwa ameshaketi. Alipofika Sivas, alikuwa ameegemea.

"Dada," akaiinamia simu, "na hilo joto la leo ni la nini?"

"Nani huyo?"

"Mama yake Serhan."

Kule Talas alisikika mjukuu tu. Kisha Rukiye akasema, kwa sauti nyingine kabisa, ya mtu aliyegundua kwamba amefanya wema bila kukusudia na hawezi tena kuurudisha: "Mimi nimezima boila yangu. Ndiyo maana kawasha. Usingekuwepo ugomvi wetu, mngekaa hapo na makoti."

Akakata simu.

Bi Mualla alimkumbatia Bi Sabahat mbele ya wote, akambusu mashavu yote mawili. Kisha akaenda dirishani na kufunga koki ya rejeta kwa mkono wake mwenyewe, akaenda ukuta wa pili akafunga na ile, kama mwenye nyumba. "Sasa tukae kwa amani," akasema. Mzee Hikmet akakohoa, akakaza tai, akatamka kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kauli ya Mtume kwamba wanamwomba binti yao Nesrin kwa kijana wao Serhan.

Nesrin alikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Alikuwa ameyasikia yote, na alikuwa ameiona mikono ya mama mkwe kwenye koki.

Bedri alimgeukia. "Mwanangu, unasemaje?"

Desturi ni binti kuinamisha kichwa na kunyamaza, na kunyamaza kwake ndilo jibu. Nesrin aligawa kahawa kwanza. Kile cha Serhan, chenye chumvi kama ilivyo kawaida ya kumjaribu bwana harusi, alimpa mwisho. Kisha akasimama wima.

"Nakubali. Ila kwangu rejeta zote zitakuwa wazi. Na sebule haitakuwa na ufunguo. Kama haiwezekani, kahawa hiyo ndiyo ya kwanza na ya mwisho."

Bi Sabahat alitaka kumkanyaga mguu, lakini Nesrin alikuwa ameshausogeza. Jambo la ajabu ni kwamba moyoni mama huyo hakuwa upande wa mtoto wake. Alimtazama Bi Mualla, na Bi Mualla akamtazama yeye, wakaelewana kama maaskari wawili wa kikosi kimoja: watoto wa siku hizi.

Serhan alikunywa kahawa yote kwa mkupuo, chumvi na machicha, macho yakamtoka. "Mama," akasema, "hata mimi nalala na soksi. Nimechoka."

Bi Mualla alikuwa akifikiri, na mtu angeweza karibu kusikia hesabu zikipita. Alitazama dari. Alitazama sakafu. Kisha uso wake wote ukalainika, akamvuta Nesrin kwenye kochi akamkalisha kando yake.

"Washa, mwanangu," akasema. "Washa vyumba vyote, mchana na usiku. Ujana wenyewe uko wapi? Ile nyumba tuliyowaandalia iko chini ya kwangu moja kwa moja, sakafu yangu ndiyo dari yenu. Ukisikia baridi hata kidogo, wewe zidisha."

Nesrin akambusu mkono na kuuweka kwenye paji la uso, machozi yakimlenga. Serhan akacheka kwa furaha. Bedri na Mzee Hikmet wakashikana mikono, wakasemezana kwamba kumbe wanawake hawa wana mioyo laini ukiwazoea.

Bi Sabahat peke yake ndiye aliyeelewa. Alimtazama mama mkwe wa binti yake akichovya chokoleti iliyoyeyuka kwa kijiko, ametulia, gharama ya baridi zake zote zijazo imeshalipiwa na watu wengine, akamwonea kijicho. Miaka ishirini na sita alikuwa amemlea msichana huyu, na hakuwahi kufikiria kwamba angeweza kumwozesha ghorofa iliyo chini ya kwake.

Alimsogelea Bi Mualla, akamzidishia kahawa.

"Dada yangu," akamnong'oneza, "hapo chini ya nyumba ya watoto, ghorofa hiyo ina mtu?"